UZI: Kwa nini filamu nyingine hugeuka bustani za burudani zinazofurika watu, na nyingine huishia kuwa bango la getini?

Mtazama_Pazia (mwanzisha uzi) #1

Wakuu, salaam. Juzi kwenye uzi mwingine mdau aliuliza kwa nini studio za filamu zinamwaga mabilioni kwenye bustani za burudani wakati kazi yao ni kupiga picha. Nilimjibu kwa mistari miwili, baadaye nikaona nimempunja. Jambo hili nimelifuatilia miaka mingi, kwa hiyo naliweka hapa kwa nafasi.

Nianze na msimamo wangu, ili anayepinga ajue pa kushika. Hadithi nzuri peke yake haijengi bustani. Filamu inayojenga bustani ni ile yenye mahali. Namaanisha mahali ambapo ukishatoka sinema unabaki unatamani kwenda kukaa, hata shujaa asipokuwepo, hata kama siku hiyo hakuna kinachotokea.

Kihistoria kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ya studio ya Universal. Mwaka 1915 mwanzilishi wake, Carl Laemmle, alifungua Universal City kule California, akaweka majukwaa ya kukalia na kuwatoza watu senti 25 waje watazame filamu zikipigwa. Zilikuwa filamu za kimya, kwa hiyo wageni walishangilia na kuzomea watakavyo. Sauti ilipoingia kwenye sinema kelele zao zikawa kikwazo, na milango ikafungwa. Umma ulikaribishwa tena mwaka 1964, safari hii watu wakizungushwa kwa magari ya wazi katikati ya mitaa ya kuigizia. Jaws ikatoka 1975, na mwaka uliofuata papa wa mitambo akawa anaibuka kwenye bwawa pembeni mwa magari hayo. Utamu wa njia hii ulikuwa kuona nyuma ya pazia: nyumba isiyo na mgongo, mvua inayotoka kwenye bomba.

Ya pili ni ya Walt Disney, na yeye alitaka kinyume chake kabisa, pazia lisionekane. Fedha za kujenga hazikumtosha, akaenda kwa televisheni ya ABC. Wao wakaweka dola 500,000 na kudhamini mikopo, yeye akawapa kipindi cha kila wiki. Kipindi kilianza 1954 kikaitwa Disneyland, jina lile lile la bustani ambayo ilikuwa bado ni vumbi na matrekta. Ilipofunguliwa Julai 1955 katikati yake lilisimama kasri la Sleeping Beauty, lakini filamu yenyewe ya Sleeping Beauty ilitoka 1959! Watoto walipita chini ya lango la kasri zaidi ya miaka 3 kabla ya kuona hadithi yake kwenye skrini. Kwa hiyo wanaosema bustani hula makombo ya sinema wakumbuke kwamba tangu siku ya kwanza mambo yalikwenda pande zote mbili.

Kuna kitu kingine cha mwaka ule ule nakipenda mno. Safari ya Snow White ilipofunguliwa, Snow White mwenyewe hakuwemo. Wabunifu waliona kwamba wewe uliyeketi kwenye kigari ndiye Snow White: mchawi anakunyooshea wewe tofaa, miti inakunyakua wewe. Wageni hawakuelewa, wakawa wanatoka wakiuliza binti yuko wapi. Mwaka 1983 wakamwongeza. Wazo lilikuwa limewatangulia watu kwa miongo kadhaa, maana leo kila studio inahangaika kulirudia.

Miaka ya mwisho ya 1980 njia ya nyuma ya pazia ilionekana kushinda. Disney-MGM Studios ilifunguliwa Florida mwaka 1989, Universal Studios Florida ikafuata 1990, na zote zilijinadi kuwa studio za kweli zinazoingiza wageni. Haikudumu. Utayarishaji wa filamu haukuhamia Florida kama walivyotarajia, na mtu hawezi kulipa tiketi kwenda kutazama karakana iliyolala. Ile ya Disney ikaondoa jina la MGM mwaka 2008, na ziara yake ya nyuma ya pazia ikafungwa 2014. Sehemu ya ardhi ile leo ni kituo cha anga za mbali cha Star Wars.

Sasa tufike kwenye Harry Potter, yule kijana mchawi. Juni 2010, Universal walifungua kijiji cha Hogsmeade na kasri la Hogwarts, shule ya uchawi, ndani ya bustani yao ya Islands of Adventure kule Orlando. Aliyesimamia sura yake ni Stuart Craig, yule yule aliyesanifu majengo ya filamu zenyewe. Mwandishi wa vitabu na Warner Bros. walikuwa na kauli kwenye kila kitu, kiasi kwamba soda za kawaida hazikuruhusiwa kuuzwa humo. Unakunywa kile wanachokunywa wahusika. Maduka ni membamba, watu wanabanana. Mhasibu angetaka duka pana, lakini duka la fimbo za uchawi kwenye hadithi ni jembamba lenye masanduku hadi darini, basi na hapa likawa hivyo. Watu wakasimama foleni kuingia dukani. Nirudie hapo: foleni ya kuingia dukani.

Siri ni kwamba kinachouzwa ni kile ambacho mhusika naye hununua. Fimbo, joho, skafu ya bweni lako, kinywaji chenye povu. Fulana yenye picha ya filamu ni kumbukumbu ya kwamba ulikuwa mtazamaji. Fimbo ni kitendea kazi. Ukiishika umeshaingia.

Mwaka 2014 wakaongeza Diagon Alley, mtaa wa maduka ya wachawi, kwenye bustani ya pili iliyo jirani, wakaziunganisha mbili hizo kwa treni ya Hogwarts Express. Kwenye dirisha la behewa unaona mashamba na viumbe, na picha za kwenda si za kurudi. Ila kupanda treni hiyo lazima uwe na tiketi ya bustani zote mbili. Hadithi na hesabu za biashara zimekaa kiti kimoja, wala mgeni hasikii kuuma kwa sababu kwenye hadithi pia kijijini unafika kwa treni.

Naishia hapo kwanza. Karibuni.

---

MamaWatatu #2

Umeandika vizuri sana. Mimi niliingia Diagon Alley na wanangu, nieleze tulichokiona.

Kwanza, lango halina bango. Kwa nje unaona majengo ya London, kibanda cha simu chekundu, basi la zambarau la ghorofa. Ukiinua macho kwenye dirisha moja la ghorofani, pazia linasogea na kijitumishi mwenye masikio makubwa anachungulia. Ukiingia kwenye kile kibanda ukabonyeza 62442 simu inaunganishwa na Wizara ya Uchawi. Halafu kuna upenyo kwenye ukuta wa matofali, unakata kona, mtaa mzima unakufungukia mbele ya macho. Juu ya benki amekaa joka jeupe, na kila baada ya dakika kadhaa linatema moto wa kweli. Joto lake unalisikia usoni ukiwa chini barabarani.

Wa pili wangu ana aibu, hazungumzi na watu. Chini barabarani kuna vibao vya duara vya shaba vinavyoonyesha usimame wapi na fimbo uizungushe vipi. Alijaribu mara nne kwenye dirisha moja bila mafanikio. Akaja mfanyakazi wa pale amevaa joho, akachuchumaa akamwambia taratibu kwamba mkono wake una haraka kuliko uchawi wenyewe. Mara ya tano kitu dirishani kikacheza. Mtoto hakupiga kelele, alinigeukia tu akanitazama. Tulikaa mtaa ule saa tatu, michezo mikubwa tulipanda mmoja tu.

---

Fundi_Mitambo #3

Mama, hicho ulichokieleza ndicho kazi yetu inakitafuta. Mimi niko upande wa mitambo (si huko, ni kwenye viwanja vidogo), niongeze ya ufundi.

Angalieni michezo ya kupanda inayotokana na filamu, karibu yote: mwanzoni unakaribishwa kwa amani. Wewe ni mtalii, ni mwanafunzi mpya, ni abiria. Halafu kitu kinaharibika. Rubani ni mgeni kazini, dinosauri ametoroka, umeme umekatika. Nilidhani ni uvivu wa waandishi mpaka nilipoanza kujenga. Ukweli ni kwamba kigari kiko kwenye reli na abiria hana uamuzi wowote. Ajali ndiyo inayompa sababu ya kurushwa huku na huku bila kuulizwa. Ingekuwa safari inakwenda salama, angejiuliza kwa nini haruhusiwi kugeuza usukani.

Na kazi ya kueleza hayo yote hufanywa kwenye foleni. Ndani ya Hogwarts unapita ofisi ya mkuu wa shule na picha za ukutani zinazobishana. Ukifika kwenye kiti umeshajua wewe ni nani, na mchezo wenyewe ni wa dakika chache. Foleni ikiwa ni vyuma tu vya kupindishia watu, hadithi inaanza na abiria aliyechoka.

Kuna pia vita vya skrini na vitu vya kushikika. Star Tours, mchezo wa Star Wars, ilifunguliwa Disneyland mwaka 1987 kwa mitambo iliyotokana na ile ya kufundishia marubani: chumba kinatikiswa, mbele kuna filamu. Uzuri wake ni kwamba ukitaka safari mpya unabadilisha picha, mashine inabaki. Ndivyo walivyofanya 2011, wakaweka vipande vinavyochanganywa kwa bahati nasibu ili anayerudi apate safari nyingine. Kwa studio hilo ni tamu sana, maana filamu mpya ikitoka unaingiza sura yake bila kubomoa ukuta. Lakini ukijaza bustani nzima skrini, mgeni anaanza kuhisi amelipa kuangalia televisheni inayotikisika. Mchezo wa kasri la Hogwarts ulichanganya: benchi la abiria limeshikwa na mkono wa roboti wa kiwandani, dakika hii uko mbele ya skrini, dakika nyingine uko mbele ya sanamu halisi inayotema mvuke. Jicho linapoteza mpaka.

Na ule ujanja wa zamani bado haujapitwa. Kasri la Disneyland lina urefu wa mita 23 tu. Matofali ya chini ni makubwa, yanapungua kadiri unavyopanda, na jicho linadanganyika kuwa jengo linagusa mawingu.

---

Wakili_wa_Kona #4

Mmeongea sanaa na vyuma, niingize karatasi, kwa sababu bustani nyingi zina sura zilizo nazo kwa sababu ya mkataba.

Mfano mkubwa ni Marvel. Mwaka 1994 Marvel ilikuwa kampuni ya vitabu vya katuni, tena iliyokuwa inaelekea kufilisika, ikatoa leseni kwa MCA, wakati huo wenye Universal. Islands of Adventure ikafunguliwa 1999 ikiwa na kisiwa kizima cha mashujaa wa Marvel. Miaka 10 baadaye, 2009, Disney wakainunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4. Filamu zao zikatikisa dunia, lakini kule Florida mikono ya Disney imefungwa. Mkataba ule bado uko hai, na unawazuia kuwatumia kwenye bustani zao, mashariki mwa mto Mississippi, mashujaa wanaotumiwa na Universal na jamaa zao wa karibu. Hata jina Marvel lenyewe kwenye bustani lina vikwazo.

Ndiyo maana Avengers Campus ilifunguliwa California mwaka 2021, na Florida haipo. Florida Disney waliwapeleka kwenye bustani yao ya Epcot wale Guardians of the Galaxy, mwaka 2022, kwa kuwa Universal hawakuwa wamewagusa. Na ukienda kisiwa cha Marvel pale Universal unakuta mashujaa wamechorwa kama kwenye vitabu vya katuni, huoni nyuso za waigizaji wa filamu. Mgeni anashangaa kwa nini pamebaki kama 1999. Leseni ya vitabu haikupi sura za waigizaji. Wakati huo huo, Universal wanamlipa mshindani wao ada ya matumizi. Kule Japani ule mchezo wa Spider-Man ulifungwa Januari 2024, mkataba ulipofika ukingoni.

Malesia wana somo chungu zaidi. Kampuni ya Genting iliingia makubaliano na studio ya Fox mwaka 2013 kujenga bustani ya kwanza duniani ya 20th Century Fox. Ujenzi ukiendelea, Disney wakaamua kuinunua Fox. Mradi ukakwama, Genting wakafungua kesi Novemba 2018 wakidai zaidi ya dola bilioni 1, wakapatana mwaka uliofuata. Bustani ilifunguliwa 2022 kwa jina la Genting SkyWorlds. Ukijenga nyumba kwa jina la kuazima, siku mwenye jina akiuzwa hujui utalala wapi.

Na kuna mfumo wa tatu ambao studio zinaupenda mno sasa: mwingine ajenge, sisi tutoe jina na wabunifu, tuchukue mrabaha. Tokyo Disneyland imekuwa hivyo tangu 1983, ni mali ya kampuni ya Oriental Land. Disneyland ya Abu Dhabi iliyotangazwa Mei 2025 ni mtindo huo huo, kampuni ya Miral inajenga kwa fedha zake.

---

DadaKamera #5

Mtazama_Pazia, nimekusoma lakini sikubaliani, na nitasema kwa nguvu zote kwa sababu jambo hili linaniuma.

Mnaongea kana kwamba bustani lazima ianze na filamu. Pirates of the Caribbean ni mchezo wa maharamia wa Disneyland, wa mwaka 1967. Hakukuwa na filamu. Wasanii walikaa wakabuni mahali: usiku, mashua, mji unaowaka, mbwa ameshika funguo za gereza mdomoni na wafungwa wanambembeleza kwa mfupa. Filamu ilikuja 2003, miaka 36 baadaye. Haunted Mansion, jumba la mizimu, ni ya 1969, vivyo hivyo. Kama bodi ya wakurugenzi ya leo ingekaa mwaka 1966 ikauliza "hii inatokana na chapa gani?", isingepita hata moja.

Tazameni Epcot. Banda la Norwe lilikuwa na safari ya mashua kwenye ngano za Norwe, mazimwi wa msituni na Waviking. Ilifungwa 2014, na 2016 ikarudi ikiwa ya filamu ya Frozen, ambayo nchi yake ni ya kubuni. Zamani mtoto aliyeingia alitoka na Norwe kidogo kichwani. Sasa anatoka na wimbo aliokuja nao.

Kule Uholanzi, Efteling walifungua msitu wao wa ngano mwaka 1952, umechorwa na Anton Pieck, na hawajahitaji studio yoyote kuwatambulisha. Ufaransa kuna Puy du Fou, watu wanajaa kutazama historia ikichezwa na farasi na mwewe. Hadithi za watu wote hazina mkataba unaokwisha. Wakili hapo juu amenisaidia bila kujua.

---

Mtazama_Pazia #6

DadaKamera alisema: *"Kama bodi ya wakurugenzi ya leo ingekaa mwaka 1966... isingepita hata moja."*

Dada, hilo nakubali lote, wala sina pa kukwepea. Na naongeza ushahidi kwako: mwaka 2006 Jack Sparrow, shujaa wa ile filamu, aliongezwa kwenye ule mchezo wa maharamia, na kwangu mimi mji ulipungua ukubwa. Kabla yake ulikuwa unapita kati ya watu mia wasio na majina. Sasa wote wanamtafuta mtu mmoja, na wewe unamtafuta pia.

Ila ukiangalia vizuri mchezo wako wa 1967 unaunga mkono nilichosema. Umeutaja kwa mahali. Usiku, mashua, mji unaowaka. Filamu ilipokuja ilikuta mahali pameshajengwa ikapaazima.

Ushahidi wangu mkubwa ni Pandora, ile dunia ya filamu ya Avatar. Disney walipotangaza 2011 kwamba wanajenga eneo la Avatar ndani ya bustani yao ya Animal Kingdom, watu wengi waliona ni pesa za kutupa. Walisema hakuna anayekumbuka majina ya wahusika. Kweli, wengi hawakumbuki! Lakini kila aliyeitazama anaikumbuka milima inayoelea na mimea inayong'aa gizani. Lilipofunguliwa Mei 2017 hawakumweka shujaa wa filamu mbele. Wakaiweka hadithi ya eneo miaka mingi baada ya matukio ya filamu, vita vimekwisha, wewe ni mgeni tu uliyekuja kuona. Foleni za mchezo wake wa Flight of Passage zilikwenda saa kadhaa.

Linganisheni na Galaxy's Edge, eneo la Star Wars la 2019. Chapa kubwa kuliko Avatar mara nyingi, kazi ya mikono ni ya ajabu, chombo cha Millennium Falcon kimesimama pale kwa ukubwa wake kamili. Lakini walijenga mji mpya, Batuu, ambao hakuna aliyeuona kwenye filamu hapo kabla. Mtu aliyekua akiota machweo yenye jua mbili anafika kwenye mji asioujua, kwa kipindi cha hadithi ambacho si chake. Anapendezwa, ila hajafika kule alikokuwa anakwenda tangu utotoni.

Halafu wakazidisha. Machi 2022 walifungua hoteli ya Starcruiser: usiku mbili ndani ya chombo cha anga, waigizaji wanakujua kwa jina, maamuzi yako yanabadilisha hadithi. Waliokwenda wengi waliipenda kwa machozi, nimesoma simulizi zao. Ndilo lile wazo la Snow White wa 1955, limetimia. Lakini watu wawili walilipa karibu dola 4,800, na Septemba 2023 ikafungwa. Nadhani kosa halikuwa kumpa mgeni nafasi ndani ya hadithi. Walimpa kwa bei ambayo familia ya kawaida isingeweza hata kuijadili mezani, na kitu cha hivyo hakipati nafasi ya kurekebishwa polepole na umati.

---

Kijana_wa_Konsoli #7

Mbona hamjaitaja Nintendo, wale wa michezo ya kompyuta? Eneo lao lilifunguliwa Universal Studios Japan Machi 2021, kabla ya ile filamu kubwa ya Mario ya 2023. Hapo bustani ilitangulia sinema kama lile kasri. Unavaa bangili, unaruka unagonga boksi la alama ya kuuliza kwa ngumi, linalia ule mlio wenyewe, na sarafu zinaingia kwenye programu ya simu yako. Hakuna anayekufundisha. Mikono imeshajua tangu utotoni.

---

Mtazama_Pazia #8

Kijana, asante. Hiyo ni hoja bora kuliko zangu zote. Michezo ya kompyuta imejengwa kwa mahali na kwa kitendo tangu mwanzo, kwa hiyo kuihamishia kwenye saruji ni kama kuirudisha nyumbani. Na angalieni bustani mpya ya Epic Universe, Orlando, Mei 2025: Nintendo, Potter, kisiwa cha majoka ya studio ya DreamWorks, na kijiji cha Frankenstein na Dracula, ambao filamu zao za Universal ni za mwaka 1931. Karibu karne moja, na bado wanafanya kazi.

---

Mhesabu_Senti #9

Kwa faida ya aliyeuliza juzi kuhusu fedha: mwaka wa fedha wa 2024 kitengo cha Disney chenye bustani, meli na bidhaa kiliingiza zaidi ya dola bilioni 34, na faida yake ya uendeshaji ilikuwa kama bilioni 9.3 kati ya 15.6 za vitengo vyote. Zaidi ya nusu. Ndiyo maana Septemba 2023 walitangaza kuweka takriban bilioni 60 kwenye kitengo hicho ndani ya miaka 10. Filamu inaweza kuanguka wikiendi yake ya kwanza. Eneo la bustani lililokamata linauza tiketi, chakula na kitanda miaka 20.

Swali langu ni hili: studio ya Paramount walikosea wapi? Walinunua bustani 1992, zikauzwa 2006.

---

Wakili_wa_Kona #10

Walinunua bustani zilizokuwepo tayari, za kampuni ya Kings, wakabandika majina ya filamu kwenye treni za kupanda na kushuka. Reli ile ile, kigari kile kile, juu kibao cha filamu. Kampuni ya bustani ya Cedar Fair ilipozinunua kwa dola bilioni 1.24 ilibandua majina hayo, na treni zikaendelea kupandwa kama kawaida. Hilo linatosha kukuonyesha majina yalikuwa yanafanya kazi kiasi gani.

---

DadaKamera #11

Hapo kwa Wakili tunakubaliana sote. Mtazama_Pazia, swali la mwisho nami nitakuacha upumzike. Unataja studio zenye mabilioni. Je, ipo filamu iliyogeuzwa mahali bila mitambo mikubwa, bila roboti, bila moto wa joka? Kama msimamo wako ni wa kweli, inapaswa kuwepo.

---

Mtazama_Pazia #12

Ipo, dada. Ghibli Park, ya filamu za katuni za studio ya Ghibli, Japani, ilifunguliwa Novemba 2022 ndani ya hifadhi ya miti kule Nagakute. Haina treni ya kasi wala mchezo mkubwa wa kukurusha. Unatembea.

Humo kuna nyumba ya Satsuki na Mei, wale watoto wawili wa filamu ya My Neighbor Totoro. Ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 2005 na ikabaki palepale. Ni nyumba kamili ya mbao kama za miaka ya 1950, ina jiko, ina bafu, ina chumba cha kazi cha baba chenye vitabu hadi sakafuni. Hakuna mhusika hata mmoja ndani, ni kama wametoka kidogo watarudi. Na unaruhusiwa kufungua makabati na droo. Unavuta moja, ndani unakuta nguo za familia zimekunjwa.